Sekunde Arobaini za Kinanda: Mzee Sifaeli Nyagawa Anastaafu

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Sifaeli Nyagawa, Mtunza Maktaba ya Muziki wa Redio Mteremko, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane na miezi kumi ya kazi. Aliripoti hapa Iyunga, Mbeya, tarehe 2 Septemba 1996 akiwa na begi moja, mwavuli, na sanduku la mbao lenye CD thelathini na moja. Anaondoka na begi, mwavuli mwingine, na barua ya onyo. Sanduku anatuachia.

Nimeombwa niandike wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, maana Mzee Nyagawa mwenyewe ni mchangamfu na habari zake nyingi zinachekesha. Lakini barua hiyo ya onyo imo kwenye faili lake hadi asubuhi hii ninapoandika, na siwezi kumsifu mtu ukurasa mzima huku nikiiruka kama anayeruka dimbwi asichafue viatu.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha jirani na Mgololo, mtoto wa fundi seremala aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya ya Kilutheri. Alisomea umeme Iringa mjini, na mwaka 1987 akaajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Watu hudhani kelele za mitambo huua masikio. Yeye anasema ndiko alikojifunza kusikiliza, kwa sababu fundi wa zamu alitakiwa aitambue mota inayotaka kuungua kwa mlio wake, kabla haijatoa moshi.

Siku moja mhandisi mgeni kutoka Ulaya ya kaskazini, jirani wa kota za kiwanda, alimwita nyumbani amtengenezee amplifaya. Kazi ilipokwisha mhandisi akatia CD, akachagua wimbo wa pili na kumkalisha kwenye kochi. Hapakutoka sauti. Sifaeli akahesabu moyoni hadi tano, akainuka kwa aibu kwenda kukagua nyaya zake. Mhandisi akamshika bega, akamrudisha. Ndipo kinanda kikaanza kuja, taratibu, kutoka mbali, kama lori linalopanda mlima upande wa pili, mpaka kikajaa chumba kizima. Mhandisi alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alimwachia sanduku lote la CD.

CD hiyo ni The Slow Orchard ya Pelham Lantern, bendi ya Waingereza waliorekodi mwaka 1973 katika mtindo wa roki ambao wenyewe huuita progressive. Kwa wasioujua: wimbo mmoja hujaza upande mzima wa santuri, mdundo hubadilika kabla hujauzoea, na mpiga kinanda hana haraka ya kufika popote. Wengi wetu hapa hatukuwahi kuusikia mtindo huo mpaka Mzee Nyagawa alipotufikia. Wengine bado hawaupendi, na hilo si kosa. Kinachonihusu ni sekunde arobaini za mwanzo wa wimbo wa pili, kinanda peke yake, ambazo kila mtu kuanzia Mbeya hadi mipaka ya Iringa anazijua hata kama hajawahi kusikia jina la bendi.

Zamani kituo chetu kilisoma matangazo ya vifo bila mlango. Habari zikiisha, bei za vitunguu zikisomwa, msomaji anapumua mara moja na kuendelea: familia ya fulani wa Uyole inasikitika kutangaza. Mzee Nyagawa, akiwa na wiki tatu tu kazini, aliandika barua kwa mkono kwamba mtu hapaswi kupewa msiba kwa sauti ileile aliyopewa bei ya vitunguu. Akapendekeza kinanda. Alizipa zile sekunde arobaini jina ambalo tunalitumia mpaka leo: muda wa kunawa mikono. Alimaanisha kwamba mtu aliye shambani au jikoni azisikie zikianza kwa mbali, aache anachofanya, aite wengine, asogee redioni, na msomaji anapofungua kinywa, yeye awe tayari amesimama.

Wazee wa kanisa lililokianzisha kituo walikuwa na shaka na chochote chenye neno roki. Mzee Nyagawa alimchezea mchungaji kile kipande bila kumwambia ni nani wanaopiga. Mchungaji alifumba macho na kusema kinanda hicho lazima ni cha kanisa kubwa la Ujerumani. Ruhusa ikatoka siku ileile. Miaka mitatu baadaye mchungaji aliliona jalada la CD, lenye vijana wanne wenye nywele hadi kiunoni, mmoja amevaa kitu kama gauni. Inasemekana aliligeuza mbele na nyuma, kisha akauliza tu kama wanaume hao wana wake.

Kwa furaha ya kukubaliwa, Mzee Nyagawa aliipiga CD yake muhuri wa ofisi, ule wa mpira wenye wino wa zambarau: MALI YA REDIO MTEREMKO. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa anajivunia. Naomba msomaji aukumbuke muhuri huo, kwa sababu ndio uliokuja kumgeuza kuwa mwizi wa kitu chake.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi katika ofisi hii tulilicheka kwa miaka. Maktaba ilikuja kuwa na CD tatu za albamu hiyo. Ya kwanza ilichapwa mwaka 1987, ile ya Mgololo. Ya pili, ya miaka ya tisini, ililetwa na wageni wa usharika rafiki. Ya tatu, ya mwaka 2009, ina jalada la dhahabu na stika inayojisifu kwamba sauti imeandaliwa upya. Jina moja, nyimbo zilezile, wapigaji walewale, siku ileile ya kurekodi. Kuna nini cha kulinganisha?

Kuna kila kitu. Kati ya mkanda uliorekodiwa studio na CD unayoishika mkononi kuna mtu katikati, fundi wa hatua ambayo watu wa studio huiita kumasta. Huyo ndiye anayeamua chombo gani kisogee mbele, sauti ndogo ibaki ndogo kiasi gani, mvumo wa mkanda uachwe au ufutwe. Fundi wa mwaka 1987 aliuheshimu mkanda, akauacha upumue. Fundi wa pili alipewa nakala ya nakala, kisha akaufuta mvumo kwa pupa hata matoazi yakalia kama kitambaa kilicholowa. Wa tatu ndiye aliyefanya uhalifu. Alipandisha kila kilichokuwa chini hadi kikagusa dari na kile kilichokuwa juu, kwa sababu walioagiza kazi waliamini kwamba mnunuzi huvutiwa na kelele. Fikiria mtu auchukue Mlima Loleza, ausawazishe hadi ulingane na tambarare ya Uyole, kisha akwambie kwamba sasa mji mzima una mwinuko mzuri.

Mzee Nyagawa aliyaandika yote haya kwenye daftari gumu la kurasa mia mbili, kwa kalamu ya bluu kwa CD ya kwanza, nyeusi kwa ya pili na nyekundu kwa ya tatu. Hakuandika maoni. Aliandika dakika na sekunde, kisha kinachosikika. Ukurasa unaojulikana zaidi ni ule wa kipande chetu. Kwa bluu: sekunde ya 31, mpiga kinanda anajigeuza, kiti chake kinalia. Kwa nyeusi: sekunde ya 31, kiti kinasikika kwa shida. Kwa nyekundu: sekunde ya 31, hakuna kiti. Walioandaa CD ya tatu walikiona kile kiti kuwa uchafu, wakakisafisha, halafu wakajaza mahali pake kelele. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimsimamisha mtu yeyote kwenye korido na kumwuliza: "Kiti kimekwenda wapi?" Tukampa jina la Mzee Sekunde. Yeye alicheka pamoja nasi na kuendelea kuandika.

Mwaka 2017 iliundwa kamati ya kuhamishia maktaba kwenye kompyuta. Tulikuwa watano, chini ya Meneja wetu, Bwana Joachim, wakati huo akiwa na miezi minne kazini. Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa nyepesi na ya kijinga: nakala moja kwa kila jina, na nakala mpya ndiyo ibaki. Sisi sote ni watoto wa kaseti. Tulikua tukijua kwamba kaseti iliyochezwa miaka kumi huwa imechoka, sauti inayumba, utepe unaliwa. Basi tukaichukua hekima hiyo ya kaseti na kuitwisha CD, ambayo haichoki namna hiyo, bila hata mmoja wetu kusita. Ya mwaka 1987 tukaiita kuukuu. Ya dhahabu tukaiita nzima. Kama kuthibitisha, tulizisikiliza zote mbili kwenye vispika vya kompyuta vyenye ukubwa wa makopo ya maziwa, na iliyopiga kelele zaidi ikashinda, kama inavyoshinda mara zote watu wanapolinganisha bila kusawazisha sauti.

Mzee Nyagawa aliomba nafasi ya kuongea. Alipewa dakika mbili. Alisema kwamba kwenye CD ya tatu muda wa kunawa mikono haupo tena, kwa kuwa kinanda kinaingia kwa nguvu kamili kuanzia sekunde ya kwanza, na kwamba msikilizaji hatatofautisha kinanda na tangazo la sabuni linalokitangulia. Meneja akamjibu kwa sentensi ambayo nimeibeba miaka minane: "Mzee wangu, mkulima wa Madibira hana masikio ya CD tatu."

Tukapiga kura. Watu watano, mikono mitano. Mkono wangu ulikuwa mmojawapo, na sikuwa na shaka yoyote. CD za zamani zikatiwa kwenye maboksi ya kuchomwa nyuma ya jengo. Jioni hiyo Mzee Nyagawa aliingiza mkono kwenye boksi, akaitoa CD yake ya Mgololo, akaifunga kwenye leso na kwenda nayo nyumbani.

Ninataka tuitazame ile sentensi ya Meneja kwa utulivu, ingawa utulivu si kipaji changu. Haikuhusu muziki. Ilihusu watu. Ilisema kuna wanaostahili kitu kizuri na kuna wanaostahili chochote kilichopo, na kwamba mpaka kati yao unapita mahali fulani kando ya barabara ya Igawa, kati ya mji na Madibira. Ni sentensi ninayoisikia kila mahali katika nchi hii. Nimeisikia kuhusu vitabu vya shule, kuhusu dawa za zahanati, kuhusu kivuko cha kijijini kilichojengwa kwa mbao za masalia. Hawatajua tofauti. Aliyesema hivyo hakuwahi kwenda kuwauliza.

Tofauti iliwafikia mwezi Mei mwaka 2018, wiki ambayo kompyuta ilichukua nafasi ya mkanda wa zamani wa kinanda. Bupe, mkulima wa mpunga Madibira na mzaliwa wa Rungwe, alikuwa shambani na wenzake wakipiga mpunga kwenye turubai. Redio ilitundikwa kwenye mti kando ya jaruba, kama kila siku. Simu yake ilikuwa kijiji cha pili ikichajiwa. Saa saba mchana, saa ya matangazo ya vifo, ilipokaribia na tangazo la sabuni kuanza, alipunguza sauti, kama wapunguzavyo wote, kwa kuwa tangazo lile linapiga kelele na betri ni za kubana. Kwa miaka ishirini na zaidi utaratibu wake ulikuwa huo: anapunguza, anaendelea na kazi, kisha kile kinanda kikianza kupanda taratibu chini ya sauti za watu, kinamfikia hata redio ikiwa chini. Kwa nini kimfikie kikiwa chini? Kwa sababu hakuna tangazo la biashara linaloanza kwa unyenyekevu. Sikio lilikuwa limejifunza kwamba kitu kinachopanda pole pole ni msiba wa mtu.

Siku hiyo kulikuja kelele juu ya kelele. Bupe alidhani ni sabuni nyingine. Tangazo la tatu katika orodha ya siku hiyo lilikuwa la kaka yake, Asukile, aliyefariki hospitalini hapa mjini, na jina lake Bupe lilitajwa wazi miongoni mwa wale wanaoombwa wafike popote walipo. Alipata habari siku ya tatu kutoka kwa mnunuzi wa mpunga. Alipofika Rungwe alikuta udongo umeshakauka juu ya kaburi.

Alikuja hapa wiki mbili baadaye, ametoka moja kwa moja stendi, na kiroba cha mchele alichotuletea zawadi. Watu wa mapokezi walijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akapewa chai, na nilipofika kumsikiliza mimi pamoja na Mzee Nyagawa aliuliza jambo moja.

"Wanangu, kinanda mmekipeleka wapi? Mimi nilikuwa nasubiri kianze. Hakikuanza."

Mzee Nyagawa alimwambia, "Kweli mama, hakikuanza. Uko sahihi." Halafu akatoka nje.

Mimi nilibaki na yule mama na chai yake, na ule mkono niliounyoosha kwenye kura. Mkulima wa Madibira alikuwa amesafiri karibu siku nzima kutuambia kwamba ana masikio ya CD tatu, na kwamba sisi wenye studio ndio hatukuwa nayo.

Wiki iliyofuata Mzee Nyagawa aliandaa usikilizaji, mchana, wakati wa mapumziko. Aliirudisha CD ya kwanza kutoka nyumbani, akaazima ya pili kwa mwanakwaya aliyeiokota kwenye boksi, na ya tatu ilikuwepo. Gwakisa, fundi wetu wa mitambo, alizisawazisha zote zilie kwa ukubwa mmoja, kisha akaziita A, B na C bila kusema ipi ni ipi. Walisikiliza watu tisa: watangazaji, mlinzi, dereva, mhudumu wa usafi na mama wawili wanaouza mahindi ya kuchemsha getini. Saba walichagua ile ya mwaka 1987. Dereva alichagua ya pili na mpaka leo anaitetea kwa kusema inafaa safari ndefu. Mmoja alisema zote ni kelele za wazungu, na jibu lake liliandikwa daftarini kwa heshima ileile. Hakuna hata mmoja aliyechagua ya dhahabu. Mama mmoja wa mahindi alisema, "Hii ya mwisho inanisukuma. Ile ya kwanza inaniita." Mzee Nyagawa aliiandika sentensi hiyo kwa kalamu ya bluu na kuipigia mstari.

Meneja alialikwa, hakufika. Alipelekewa matokeo kwa maandishi, pamoja na maelezo ya Bupe. Siku kumi baadaye jibu lilikuja, na lilikuwa barua ya onyo. Makosa mawili: kuchukua mali ya kituo bila idhini, na kutumia studio kwa starehe binafsi. Ushahidi wa kosa la kwanza ulikuwa muhuri wa zambarau.

Mtu akipiga muhuri wa ofisi kwenye kitu chake mwenyewe kwa mapenzi, ofisi yenye akili humshukuru. Yetu ilimshtaki. Alitakiwa airudishe CD maktaba na asiicheze hewani. Aliirudisha. Kwa kuwa mtunza kabati ni yeye, aliikabidhi kwa nafsi yake, akajisainia kwenye rejista mahali pa mtoaji na mahali pa mpokeaji, akafunga kabati. Rejista ipo, mwenye kutaka kucheka akaione. Mimi nilicheka siku ile. Sasa siwezi.

Kwa miaka saba baada ya hapo kinanda cha dhahabu kimetangulia misiba ya watu wetu kila siku saa saba. Na kila siku ya kazi, ikibaki dakika moja, Mzee Nyagawa aliinuka, akafunga mlango wa maktaba na kwenda kusimama nje kando ya barabara kuu, penye malori ya Tunduma. Wageni walidhani anakwenda kuvuta sigara. Hajawahi kuvuta. Kelele za malori alizistahimili, kwa kuwa lori halikujifanya kinanda.

Na mimi je? Miaka saba nimesema kwenye kila mkutano. Nimesema kuhusu paa, kuhusu watangazaji wasiosoma magazeti, kuhusu barabara ya kuingilia. Ninasifika kwa kusema. Juu ya jambo hili nilinyamaza, kwa kuwa kulisema kungenilazimu nianze na mkono wangu.

Msidhani kazi yake yote ilikuwa CD moja. Mvua za mwaka 2006 zilipovujisha paa, ni yeye aliyehamisha mikanda ya kwaya za Iringa na Mbeya, zaidi ya elfu moja, akisaidiwa na mkewe, Mama Esnath, na toroli la jirani. Kwaya tatu ambazo leo waimbaji wake wengi ni marehemu zinasikika kwa sababu ya toroli lile. Aliwafundisha watangazaji wote waliopita hapa namna ya kushika santuri kwa kingo. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kuazimisha kitu bila saini, hata kwa askofu, na askofu alisaini. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi kiasi kwamba mgeni aliyekunywa bila kuonywa alifanya mazoezi ya sauti bila kutaka.

Ijumaa iliyopita alinikabidhi maktaba, kwa kuwa nitaisimamia mpaka apatikane mwingine. Taarifa yake ya makabidhiano ina vipengele ishirini na moja, vya funguo, rejista, mikanda, unyevu wa ukuta wa mashariki. Hakuomba lolote kwa ajili yake. Hata barua ya onyo hakuitaja. Kipengele cha kumi na nne kinasema: CD ya kwanza ichezwe saa saba. Pembeni yake Meneja ameandika kwa penseli: litaangaliwa.

Nimeliangalia. Asubuhi hii nililifungua kabati, nikaifuta CD yenye muhuri wa zambarau na kumpa Gwakisa, naye ameiweka kwenye mashine ya studio namba moja. Orodha ya leo ina matangazo manne. Nimeyasoma yote. Ni ya watu wanaostahili kutanguliwa na sekunde arobaini zilizo kamili.

Kuhusu barua ya onyo, ninaomba hadharani itolewe kwenye faili lake kabla hajatoka getini leo, na ombi hilo lisiangaliwe, litekelezwe. Kama ni lazima faili la mtu liwe na barua hiyo, langu lina nafasi. Kosa liandikwe vizuri: mwaka 2017 alinyoosha mkono, na miaka saba akanyamaza.

Haki ya Meneja nayo niitaje. Si mtu mbaya. Nilipofiwa na mama alisafiri nami hadi Makambako na kuchimba kaburi kwa mikono yake. Ndiyo maana sentensi ile ilinikera zaidi kutoka kwake kuliko ambavyo ingenikera kutoka kwa mtu mwingine. Asubuhi hii hii alipelekewa wasifu huu ausome kabla ya kuchapwa. Amekata sentensi mbili kwa kalamu nyekundu, na nimezirudisha zote mbili, mmeshazisoma. Ile inayosema CD imewekwa kwenye mashine hakuigusa. Niliigeuza karatasi mara mbili kutafuta alama, sikuiona.

Basi ratiba ya chakula cha leo cha kumuaga ni hii. Saa saba kasoro dakika moja, kabla sahani hazijafunuliwa, redio ya ukumbini itafunguliwa, na ninawaomba mkae kimya, walio kwenye meza kuu wakitangulia. Msihangaike msiposikia kitu mwanzoni. Msiinuke kukagua nyaya. Madibira wanapiga mpunga wiki hii, kwa hiyo Bupe hakuweza kuja, lakini ametuma ujumbe kwamba redio iko kwenye mti uleule na betri ni mpya.

Mzee Nyagawa, Baba Esnath, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa daftari lako, na kwa kutuheshimu kuliko tulivyojiheshimu. Wewe na Mama Esnath mfike salama nyumbani Mgololo, mpate mvua za kutosha, wajukuu wenye kelele za kweli, na mchana mrefu usio na rejista. Kamati ya zawadi imekununulia kiti cha kupumzikia. Nimekikalia kukijaribu, kinalia kidogo mtu akijigeuza. Fundi alitaka kukirekebisha. Nimemkatalia.

Leo saa saba usitoke nje. Baki nasi ndani, uhesabu, na ikifika sekunde ya thelathini na moja utuambie kama kiti kimerudi.

Faustina Kaduma
Mhariri wa Vipindi, Redio Mteremko, Iyunga